Kelele ya Radi

Tunapima usiku, treni za chini ya Tbilisi zikishalala.
Mchana hapapimiki: behewa moja likipita chini ya mtaa
namba zinaanza kurukaruka,
na Zviadi anatukana kwa lugha tatu.

Kabla ya kuingia chumbani navua saa,
mkanda, pini za nywele, funguo za nyumba.
Kuta zile zinauzuia uga wa dunia nje.
Ukisimama ndani, hakuna kaskazini.

Jiwe lenyewe ni silinda ya basalti, fupi kuliko kidole gumba,
lina mshale niliouchora mwenyewe mlimani.
Ndani yake mna magnetiti:
punje moja ya mtama, juu yake
ungezipanga chembe elfu kwa safu moja.
Zilipomwagika kutoka tumboni mwa ardhi
zilikuwa zimelewa moto, kila moja na lake.
Kisha lava ikapoa, ikapoa,
na kwenye kiwango fulani cha joto
zikanyamaza pamoja, kama safu iliyosikia iqama.
Hazikuhama. Ni nia tu iliyogeuka,
ikaelekea kule dunia ilikoelekea siku ile.

Mara nyingine kule ni kusini.
Dunia nayo imewahi kugeuza kibla,
si mara moja, wala haikumwaga hata maji ya ziwa.

Jiwe la kumi na nne liliruka nje ya kipimo.
Nguvu yake mara mia ya wenzake,
mwelekeo wake hauelekei popote pa maana.
Zviadi hakuinua hata kichwa.
"Radi," akasema. "Kelele. Lisafishe."

Nikaliweka katikati ya koili,
nikalitikisa kwa uga wa kwenda na kurudi, unaofifia:
millitesla tano, kumi, kumi na tano.
Kila hatua napima, natia nukta kwenye chati.
Radi ikambanduka kama ganda la kitunguu.
Chini yake, dhaifu, imetulia: kusini.
Tulikunywa chai. Zviadi alipiga meza kwa furaha.
Kwenye jedwali, safu ya maoni, niliandika: *kelele imeondolewa*.

Agosti tukarudi Javakheti kutoboa mengine.
Hrachik, mchungaji, alitubebea maji ya kupoza keekee,
madumu mawili kwa punda, kutoka ziwani.
Kijijini kwao matofali ya samadi yalikuwa yakikauka ukutani
yakisubiri majira ya baridi.
Akauliza yale matundu ya mwaka jana tuliyapatia nini.
Nikamweleza, kwa Kirusi, nikijisifu kidogo,
kwamba jiwe hili lilipigwa na radi
nami nimeiondoa yote.

Akatua madumu.
"Radi ipi?"

Nikasema jiwe halitaji mwaka wa radi.

"Mimi nautaja. Sabini na tisa, Juni, saa kumi jioni.
Mnatsakan, ndugu yangu, alikuwa ameegemea hapa,
buti limeingia kokoto, analivua."

Upepo ulikuwa unapita kwenye majani makavu.
Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa,
lakini hawakusema lolote kuhusu mtu
anayekuja na koili na kalamu
na kulifuta kovu la mtu mwingine, kwa dakika arobaini,
huku akingoja chai ichemke.

Nilitaka kumwomba radhi. Kirusi changu kikaniishia.
Nikampa dira.

Akaishika kwa mikono miwili, kama bakuli limejaa.
Hatua kumi kutoka mwambani, sindano ikatulia kaskazini.
Akasogea. Hatua tano; bado.
Hatua mbili, ikaanza kusitasita,
kisha ikageuka yote, ikaelekea jiwe,
palepale pa mgongo wa mtu aliyeketi.

Akarudi nyuma. Kaskazini.
Akasogea tena.

Zviadi aliita kwamba mvua inakuja, tupakie mitambo.
Nikapakia. Punda alikuwa amelala chini na kamba yake.
Hrachik alikuwa bado anakwenda na kurudi,
hatua kumi, hatua mbili,
macho kwenye kioo.